Msimkatize Queen

Yowe lilitoka vyumba vya mwisho, likapita juu ya ukuta usiofika paani, likaangukia uani. Hakuna aliyeinuka. Hatibu aliendelea kuziba pancha ya baiskeli yake. Ruthi aliendelea kukuna nazi.

Kwingine kokote katika mtaa wa Nguvumali, yowe la mwanamke lingewatoa watu na mipini ya majembe. Nyumba hii ilikuwa imeshakubaliana.

Makubaliano yalikuwa kazi ya Ruthi. Queen, binti aliyepanga chumba cha mwisho, alipoanza mazoezi, wapangaji wote walimwendea mbio wakidhani anauawa. Walimkuta amesimama mbele ya kiti kitupu, jasho linamtiririka, haya imemjaa. Akawaeleza. Kikundi chake cha maigizo kitachagua mmoja wa kupelekwa chuo cha sanaa, na kila mmoja lazima aigize peke yake, bila mtu wa kumjibu. Yeye amepewa kuigiza mwanamke aliyefungiwa ndani na mumewe.

"Mwalimu Zubeiri anasema ukiigiza na wenzako unajificha nyuma yao," alisema. "Ukiwa peke yako huna pa kujificha. Uongo wako wote unaonekana."

"Na sisi tujifiche wapi?" Hatibu akauliza. "Mimi nina presha, mwanangu."

Ruthi akamtetea Queen. Mungu hakumjalia binti, na huyu alimpenda kama wa kumzaa. Wakakaa kikao uani, wakapatana: kuanzia alasiri mpaka magharibi, sauti ikitoka kule mwisho, mtu asikimbilie. Sadalla, aliyepakana na Queen ukuta kwa ukuta, ndiye angepata adha kubwa kuliko wote, lakini ndiye aliyekubali wa kwanza.

"Mwacheni mtoto ajifunze," alisema kwa upole wake. Mkewe, Zuwena, aliketi nyuma yake akitazama vidole vya miguu. Zuwena hakuwa msemaji.

Siku za mwanzo Queen alikuwa mbovu. Hata Ruthi aliliona hilo. Aliita mbingu, aliita ardhi, akalia kama anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Hatibu akawa anamwigiza huku anajaza upepo: "Ewe mume, mwenye moyo wa jiwe!" Uani kukawa kicheko.

"Mwalimu kaniambia nipunguze," Queen alimwambia Ruthi Jumapili baada ya ibada. "Anayeogopa kweli hana maneno mengi. Wiki hii ya mwisho siongei na mtu, mama. Msinitafute. Niombee tu."

Ruthi akamwombea. Asubuhi na jioni alipiga magoti kando ya kitanda, akamtaja kwa jina: Bwana, mfungulie mlango.

Maombi yakaonekana kujibiwa. Jumanne sauti ilikuwa nyingine kabisa. Mbingu na ardhi zilikuwa zimeondoka. Lilibaki neno moja, "nifungulie", kwa sauti iliyokwaruza, kisha kimya, kisha kishindo kama cha mtu aliyejitupa ukutani. Kufikia Jumatano Hatibu aliacha mzaha wake. Ruthi alitamani Zuwena naye angekuwepo asikie, lakini Sadalla alisema mkewe amekwenda Kigombe kumuuguza mama yake.

Na leo, Ijumaa, msichana alikuwa amevuka hata pale. Yowe la pili lilikatika katikati, kama lililozibwa kwa kiganja.

Hatibu akaweka chini tyubu. "Mama Ruthi, hii siipendi."

"Haikutungwa ipendwe."

"Nakwambia siipendi. Naenda kupiga hodi."

Akainuka. Ruthi akamdaka shati, mkono umejaa nazi.

"Kaa chini, we mwanamume! Kesho anasimama mbele ya mwalimu wake. Ukimkatiza sasa, hapo alipofika hapafikii tena. Unataka mtoto akose chuo kwa ajili ya presha yako?"

Hatibu akasita, mguu mmoja mbele.

"Mama," sauti ikasema kule mwisho, ndogo, karibu ya mtoto. "Mama, nakufa."

Maneno hayo hayakuwemo tangu mwanzo. Ameyatoa moyoni mwake, Ruthi aliwaza, na machozi yakamtoka. Hakuna pambo, hakuna uongo. Mtoto amejua.

Kikafuata kimya. Kilikuwa kirefu, na Queen hakukivunja. Hatibu akarudi taratibu kwenye kigoda chake, hakumtazama mtu. Ruthi akafuta mikono kwenye kanga, akamshukuru Mungu, akaanza kupiga makofi.

Alikuwa bado anapiga makofi, mlango wa uani uliposukumwa. Queen akaingia, begi mgongoni, miguu myekundu kwa vumbi, uso wote kicheko.

"Shikamoo mama! Nimechaguliwa! Hawakungoja kesho!"

Mikono ya Ruthi ikabaki hewani.

"Mbona mnanitazama hivyo?" Queen akaweka begi chini. "Mwalimu alitufuata Jumatatu alfajiri, tumekaa Pongwe wiki nzima tunafanya mazoezi. Kaka Sadalla hakuwaambia? Si nilimwachia ujumbe."

Ndani ya ukumbi, kule vyumba vya mwisho, kufuli likalia. Sadalla akatokea uani, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, akampa Queen hongera, kisha akamgeukia Ruthi na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Ruthi."

Na mdomo wa Ruthi, kwa mazoea, ukaitika marahaba.