Mahali pa Sahihi

"Tia sahihi hapa, dada. Ni mahudhurio tu," meneja wa ghala la dawa alimwambia mbandika lebo.

Karatasi ilikuwa imekunjwa, ukaonekana mstari wa sahihi tu. Aliikunjua kwa kidole chenye gundi ya lebo mpya ambazo yeye na wenzake walilazimishwa kubandika juu ya dawa zilizokwisha muda, dawa zilizomuua mdogo wake.

"Nakiri niliwadanganya wakaguzi kuhusu lebo," ilisema.

"Mahudhurio gani haya?"

"Acha ujuaji. Nani atakutetea wewe?"

Akakumbuka alivyoambiwa na wakili wa msaada wa kisheria wa bure: "Usisaini chochote bila mimi, hata risiti ya chai."

Akachukua kalamu. Mahali pa sahihi akaandika namba ya simu ya wakili.

"Mpigie," akasema. "Si umeuliza nani?"