Alama ya Penseli

Dawa ilikuwa imeshuka tena chini ya alama ya penseli, upana wa vidole viwili. Dada mkubwa, aliyeichora alama hiyo, aliinua chupa dirishani, akaitazama, akairudisha kabatini. Hakukasirika. Hasira nayo huchoka.

Ilikuwa mofini, dawa ya maji ya maumivu, aliyoleta muuguzi kwa ajili ya baba yao mwenye saratani ya mifupa. Dada alimpa kijiko kimoja cha chai kila asubuhi, akamfuta kidevu kwa pembe ya khanga, akaenda kazini. Mchana baba alibaki na kaka mtu, ambaye zamani alitumia unga. Mwaka wa nne huu tangu aache, lakini mtaani bado wanamwita Teja.

Dada alimkuta kaka uani, anafua shuka za baba.

"Dawa inapungua."

"Sijainywa mimi, dada."

"Basi anainywa panya. Panya wa kwetu ana maumivu."

Kaka alikamua shuka, akaianika, akainyoosha mikunjo. "Ile karatasi ya muuguzi umeisoma?"

"Usinifundishe dawa, wewe. Wewe dawa unazijua kwa kuziiba."

Mwenye jina baya hata akikohoa huambiwa kaiba. Kaka alipewa mfuko wake wa nguo kabla jua halijatua. Aliingia kwa baba, akakaa kidogo, akatoka bila kuaga. Dada akaomba likizo kazini.

Kuanzia kesho yake baba alianza kulia. Alikuwa hawezi tena kusema, alilia tu, kama mlango unaosuguana na sakafu. Majirani walisema ugonjwa umepanda. Dada alizoea, akawa anapepeta mchele huku anasikiliza.

Siku ya sita muuguzi alikuja. Dada akampa chupa mwenyewe, kwa fahari kidogo.

"Sasa haipungui ovyo. Nampa kijiko cha asubuhi tu, asije akazoea, tukawa na teja wa pili."

Muuguzi aliinua chupa dirishani, akaitazama. Chumbani baba alikuwa analia.

"Mama, hii ni kijiko kila baada ya saa nne. Safari iliyopita niliikuta imeshuka sawasawa kabisa, nikasema nyumba hii ina mtu anayejua kuuguza. Yuko wapi?"