Pimbi na Ufa wa Jabali

Pimbi mkuu alijivunia jabali lao. Ukoo wake ulikimbilia mapangoni mwake kila chui alipotokea, na chui hakuweza kupenya. Ukoo huo ulikuwa na desturi moja: baada ya kula makuyu, wote walikwenda kujisaidia kwenye ufa uleule walioutumia mababu.

Mjusi, aliyeota jua hapo kila asubuhi, akamwambia, "Mzee, ufani umechipua mkuyu. Jua linalitanua jiwe mchana, baridi inalisinyaza usiku, na mzizi unajipenyeza. Ung'oeni ungali mchanga."

Pimbi mkuu akacheka. "Mjukuu wangu, jabali lililomshinda chui litaogopa jani?"

Mkuyu ukakua, na pimbi wakafurahia kivuli chake. Miaka ikapita, mzizi ukanenepa. Masika moja maji yakajaa ufani, jabali likapasuka pande mbili. Chui akaingia taratibu, kama mwenye nyumba.

Pimbi mkuu, amebanwa ukutani, akalia, "Nani amemfungulia mlango?"

Mjusi akainamisha kichwa. "Mzee, mbegu ya mkuyu ule ilitoka matumboni mwenu."