Escort ya Odeke

Kifuniko cha sufuria kilianguka gizani, kikazunguka sakafuni kikilia mpaka kikatulia. Shamsa aliamka kwa kilio. Ziada alimvuta binti yake kifuani, akatazama mlangoni. Kassim alikuwa ameketi pale kizingitini, amewapa mgongo, ncha ya sigara yake ikiwaka. Hakugeuka hata kuuliza kuna nini.

Ndivyo alivyokuwa tangu arudi kutoka Uganda, mwaka huo wa sabini na saba. Alivuka mto wa mpakani alfajiri, bila viatu, uso umevimba pande zote mbili, na mpaka leo hajasema nani alimpiga wala kwa nini. Kassim wa zamani alikuwa mtu wa vichekesho. Huyu alikaa tu. Ukimwita, kimya. Akifungua kinywa anafoka, hata akiomba chumvi. Na Ziada akizungumza naye, Kassim alimtazama midomo, si macho, kama mtu anayesubiri uongo utoke.

"Ana mwenzio huko Tororo," Zaitun, jirani yao, alimwambia huku akipepeta wimbi. "Mwili umerudi Busia, moyo umebaki kwa mwingine."

"Kassim si mtu wa hivyo."

"Haya. Endelea kumpikia."

Nguo za Ziada na za mtoto zilikuwa zimeshafungwa bunda chini ya kitanda. Leo atamuuliza. Asipojibu, wataenda kwa mama yake, kijijini Mundika.

Asubuhi akaja Odeke kutoka Malaba, na gari lake, Escort nyeupe iliyowahi kukimbia mashindano. Alikuwa anatafuta fundi wa gereji yake mpya, na Busia nzima ilikuwa imemwambia kwamba Kassim husikia ugonjwa wa gari likiwa bado liko Bumala.

"Boss, hii ndiyo mtihani," alisema akicheka. "Ukiiweza, Jumatatu unaanza kazi."

Kassim akaitikia kwa kichwa.

Odeke akainama chini ya boneti, akaendelea kusema humo humo ndani. "Sasa sikia. Walitoa kamshafti ya kawaida ya injini, wakaweka ya mashindano. Ndiyo maana ikisimama inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Usitafute kuituliza. Ongezea kabureta petroli kidogo, acha ingurume. Ukiipunguza, inazima."

"Sawa!" Kassim alifoka, Odeke alipoinuka.

"Mzee, mimi niko hapa, siko Kampala!" Odeke akacheka tena, akaenda kibarazani kunywa chai.

Ziada alingoja mumewe apinde mgongo juu ya injini, ili asilazimike kumwona usoni. Akasogea nyuma yake, karibu kiasi cha kunusa jasho la shati lile alilolifua mwenyewe.

"Baba Shamsa. Niambie tu. Kuna mwingine?"

Kassim aliinua chujio la hewa kutoka juu ya kabureta, akaliweka kando taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Basi nidanganye," Ziada alisema. "Sema hapana, hata kama ni uongo. Nitakubali."

Kassim akapuliza vumbi kwenye kabureta.

Ziada akaingia ndani. Alipotoka, bunda lilikuwa kichwani na mkono wa Shamsa ulikuwa mkononi mwake. Injini ilikuwa imeshawashwa. Ilinguruma kwa kurukaruka, gari zima likitikisika. Kassim alikuwa ametandaza kiganja juu yake, mkono wa pili ukizungusha bisibisi. Mtikisiko ukapungua. Akazungusha tena. Ukapungua zaidi, na mngurumo nao ukakonda.

Odeke akaweka kikombe chini. "Boss! Umezidi! Rudisha nyuma!"

Kassim hakuinua kichwa.

"Loo, fundi ana kiburi huyu," Odeke akanung'unika.

Ziada alijua angepaswa kuendelea kutembea. Lakini alisimama langoni, amtazame mara ya mwisho.

Kassim alifuta mikono, akarudi nyuma hatua chache kutoka kwenye gari. Akafumba macho, akainamisha kichwa upande, akainua kidole ili watu wote wanyamaze, kama alivyokuwa akifanya siku zile magari yalipopanga foleni mbele ya nyumba yao.

Escort ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima.

Uani pakawa kimya hata kuku wa Zaitun walisikika wakiparua. Kassim alibaki vile vile, macho ameyafumba, kidole juu, akitikisa kichwa polepole kufuata mdundo. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu arudi.

"Safi sana!" akafoka.

Shamsa akamvuta mama yake gauni.

"Mama, Baba hasikii."