Maswali ya Mfuko Tata

Kiyoyozi cha ofisi ile ya dalali wa hisa kilipuliza baridi ya kutetemesha meno, lakini kalamu ilikuwa inamteleza Chuan vidoleni kwa jasho.

Kaka yake mkubwa, Peng, alisimama nyuma yake akisubiri. "Soma maswali vizuri wewe," alisema. "Usije ukaniaibisha."

Pesa za nyumba ya Chuan ya mtaa wa Toa Payoh, hapa Singapore, aliyoiuza baada ya kufiwa na mkewe, zilikuwa zimekaa benki. Hakuwa na nyingine za kuzeekea. Peng alitaka ziingie zote kwenye mfuko mmoja wa hisa: soko likipanda kidogo, mfuko unapanda mara tatu ya hapo. Haya, na likishuka je? Hilo Peng hakuligusa. Yeye alishatia zake, na kila familia ikikutana kwa chakula, habari ni ya mfuko huo tu.

Na Peng ndiye aliyeacha shule akabeba magunia bandarini ili Chuan asome. Mtu kama huyo humwambii hapana. Maisha yake yote Chuan alikuwa mtu wa kuitikia tu, ndiyo kaka, sawa kaka.

Ingekuwa ile mifuko ya kawaida, inayofuata soko hatua kwa hatua, angetia saini akaenda zake. Lakini huu ulikuwa umewekwa kwenye kundi la mifuko tata, na mwananchi wa kawaida hauziwi mpaka ajibu maswali kuonyesha kwamba anauelewa. Wiki nzima Chuan alikuwa na hofu, usingizi hauji. Binti yake, Hui Shan, alimkalisha mezani kila jioni akamkaririsha majibu, moja moja, mpaka kahawa ikapoa.

Sasa swali la mwisho lilimkaba. Kalamu ilikwenda kwenye jibu la kwanza, ikasita, ikahamia la tatu. Akaweka alama.

Farhana, karani wa dirishani, alisahihisha palepale. Uso ukambadilika.

"Samahani, Anko. Siwezi kukuuzia."

"Kwani amekosa mangapi?" Peng aliuliza.

"Yote. Sijawahi kuona."

Peng alimtazama mdogo wake, asiamini. "Kumbe nilikusomesha bure, kichwa maji wewe," alisema, kisha akamshika bega. "Basi. Sheria ni sheria. Ziache benki, twende tukanywe kahawa."

Chuan aliinamisha kichwa, akamwomba kaka yake radhi.

Hui Shan alikuwa akiwasubiri kwenye mgahawa wa chini. Peng alipokwenda kuagiza, binti alimsogelea baba yake sikioni.

"Baba, kuna jibu ulilolisahau?"

"Sikusahau hata moja," Chuan alinong'ona. "Swali usilojua jibu lake, unaweza kulipatia kwa bahati mbaya."