Bunduki Barazani

Baridi ya alfajiri iling'ata hadi mifupani, lakini Mama Sekela alimzuia mgeni mlangoni asiingie jikoni na bunduki yake.

"Iache hapo barazani, baba. Uji nakuletea hukohuko."

"Jamani, mama!" binti yake alishtuka. "Mgeni na silaha yake wabaki nje? Watatusema."

"Na waseme. Jana tuliikaribisha kwenye mvuke wa chungu, darubini yake ikafanya ukungu kama miwani yangu. Chui akabeba mbuzi huku mgeni wako anafuta kioo. Sasa amebaki mbuzi mmoja tu, naye ana mimba."

Mgeni, Ambakisye, askari wa wanyamapori, alicheka. "Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba. Na kioo usikipumulie."

Uji haujapoa, chui akaruka ukuta wa zizi. Ambakisye aliweka kikombe chini, akainua bunduki, akageuza pua yake pembeni ya kioo.

"Unamwona?" Mama Sekela alinong'ona.

"Hadi sharubu."

Mama akamwomba Mungu kimoyomoyo. Kule zizini, pumzi ya mbuzi na pumzi ya chui zilipanda pamoja, nyeupe, zikakutana hewani.