Mjaribu wa Breki

Zebedayo alilitoboa tairi la baiskeli yake mwenyewe kwa msumari. Akangoja upepo uishe wote, akautupa msumari majanini, akaanza kuikokota baiskeli kuelekea bandarini.

Mkewe, Kristina, alikuwa mlangoni na aliona yote.

"Baba Noa, waambie tu yaishe."

"Nikawaambie nini? Mtaa mzima unicheke?"

"Bora kuchekwa kuliko kuua mtu."

Akazidi kuikokota. Mtu umeitwa fundi wa mafundi miaka na miaka, leo ukajivue nguo mwenyewe hadharani? Thubutu!

Zama zile maduka yalikuwa matupu. Kipuri cha baiskeli ungekitafuta Tanga nzima na ungeishia kuonyeshwa rafu tupu. Zebedayo ndiye aliyebuni kuchonga raba za breki kutoka kwenye matairi mabovu ya malori. Ufundi ulimwanza utotoni, kambini kwenye mashamba ya mkonge, kwa baiskeli ya nyapara ambayo mtoto wa manamba hakuruhusiwa kuigusa ila kwa kuitengeneza. Na alipogundua zile raba hakuficha. Alisimamisha kibanda cha mabati pale Usagara, akaandika ukutani kwa rangi: AJUAYE AMFUNDISHE ASIYEJUA. Kila aliyekuja alifundishwa bure, naye akaenda kumfundisha mwingine. Zebedayo mwenyewe siku zote ungemwona anaikokota baiskeli yake, imesheheni matairi ya kuchonga, haina hata pa kutua nzi.

Basi watu wakaja. Wakaja wa Mabawa, wakaja wa Muheza, kibandani pakawa hapageuki mtu. Na wahenga walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Patasi zikapotea. Kila mmoja akawa anachonga raba anavyojua yeye, mpaka siku moja breki za ovyo zikamwangusha mdogo wake Bi Nasima, mama mmoja wa Muheza mwenye biashara ya machungwa, alipokuwa akimbebea mzigo. Akavunjika mguu.

Hapo Hilal, fundi kijana wa Kipemba mwenye kauli tamu, akasema sasa kazi zigawanywe. Huyu atunze zana, yule apokee wageni, wale wafundishe. Tena awepo mjaribu. Breki mpya isifungwe kwa mteja yeyote mpaka mjaribu ashuke nayo mteremko wa bandarini, watu wote wakitazama.

"Na mjaribu atakuwa nani kama si mwenye fani yake?" akauliza Hilal.

Wakapiga makofi, wakamshangilia Zebedayo. Naye akacheka nao. Lakini tangu siku ile usingizi ulimhama.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya jaribio la kwanza. Alipofika juu ya mteremko alikuta umati, mafundi na wateja, na Bi Nasima mbele kabisa kajifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, fundi," Hilal alimpokea.

"Marahaba, mwanangu. Jamani, nina mkosi. Pancha! Tuahirishe tu."

Loo, alisahau amewafundisha nani! Hajamaliza kusikitika, vijana wameshaipindua baiskeli. Huyu anang'oa tairi, yule anapaka gundi, mwingine yuko kwenye pampu. Punde si punde ilikuwa imesimama mbele yake, nzima.

"Na hili goti nalo," akasema, "tangu jana linaniuma."

Yakoub, mmoja wa mafundi hao, ambaye jambo halimpiti bila kulitia kidole, alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu.

"Hebu njooni muone maajabu," akaita. "Baiskeli ya kila siku hii, na raba za breki hazijalika hata chembe. Fundi hazitumii breki zake mwenyewe!"

Watu wakaanza kunong'ona. 

Bi Nasima akasogea. Hakuwa na ukali.

"Fundi, mdogo wangu yuko kitandani. Wenzake kesho wanateremka na mizigo ya machungwa, na hao nao wana mama zao. Mimi nataka neno lako tu. Breki hizi ni salama, au si salama?"

"Si aseme tu kuwa ni mbovu tuzitupe?" Yakoub akadakia. "Wafanyabiashara wameruhusiwa kuleta vitu kutoka nje. Tungoje za dukani, kibanda tukifunge, kila mtu ashike hamsini zake."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, umefunguliwa wazi. Neno moja tu, mbovu, na Zebedayo angerudi nyumbani salama na heshima yake ya uongo. Lakini na hao wabeba machungwa je, wateremke na nini kesho? Aliwatazama vijana wake, gundi bado mbichi vidoleni mwao. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Haikupasuka. Akavua kofia, akamkabidhi Yakoub baiskeli.

"Breki ni nzima kabisa," alisema. "Shuka nazo wewe. Na ukisharudi, Yakoub, ajuaye amfundishe asiyejua. Unifundishe na mimi kuendesha baiskeli."